Nitajuaje kama mtu aliwahi kuhukumiwa kwa feloni hapa Marekani?

Swali: Kaka, habari za kazi. Niko Erie, Pennsylvania, huu mwaka wa saba. Ndugu mmoja tunayesali naye anataka tuchange pesa tununue van, tubebe wazee kwenda hospitali na baadaye watoto wa shule. Mpango naupenda, ila watu wananong'ona kwamba aliwahi kufungwa kwa feloni, yaani kosa zito la jinai. Niliingia tovuti moja, duara likazunguka dakika tano, ikaniambia "rekodi 4 zimepatikana", halafu ikataka dola 30. Nasikia rekodi hizi ni wazi kwa kila mtu. Zinapatikana wapi, naziombaje, na yeye atajua kwamba nimemtafuta?

Jibu: Dada, hizo dola 30 ziweke kwenye mchango wa gari. Lile duara linalozunguka ni maigizo. "Rekodi 4" zinaweza kuwa faini ya kupita taa nyekundu, anwani ya zamani, na watu wawili wenye jina linalofanana na lake. Ukishuka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi ya sisimizi, mara nyingi utakuta wenyewe wanasema taarifa zao zisitumike kuajiri mtu wala kumpangisha nyumba. Wanaandika hivyo kwa sababu tangu 1970 kuna sheria ya taifa, Fair Credit Reporting Act, inayombana anayeuza ripoti za watu kwa ajili ya kazi na nyumba. Wao wamechagua kukaa nje ya uzio huo, kwa hiyo wakikosea, wewe na huyo ndugu ndio mnaobaki na hasara.

Unachokitafuta kipo, na sehemu kubwa ni bure. Ila kwanza tuelewane kinakaa wapi, maana sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunakosea hapo hapo mlangoni. Kwetu ukisema "rekodi ya mtu" akili inakwenda polisi. Anayetaka cheti cha mwenendo mwema anakwenda mwenyewe, anachukuliwa alama za vidole, anapewa cheti chake. Jirani haombi cha jirani. Hapa Marekani kitu cha namna hiyo kipo pia: FBI wana orodha ya mtu ya kukamatwa na kuhukumiwa, na kwa dola 18 na alama za vidole watakupa ya kwako. Ya mwenzako hawakupi. Waandishi wa habari walijaribu kuidai ya mtu mmoja, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1989 majaji wakakataa: orodha iliyokusanywa na serikali inagusa faragha ya mtu, hata kama kila kipande chake kimelala wazi katika jengo la mahakama fulani.

Majalada ya mahakama ni habari nyingine. Mwaka 1978 mahakama hiyo hiyo ilitambua kwamba mwananchi ana haki ya kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama, na hahitaji kueleza sana anazitakia nini. Haki hiyo ina mipaka yake, lakini ndiyo njia yako. Feloni nyingi mno husikilizwa na mahakama za jimbo, na jalada hubaki kwenye kaunti ambako kosa lilitendeka. Si kaunti anayoishi leo.

Na wewe umeangukia mji wenye mtego wa ajabu. Kaunti inayoitwa Erie ziko tatu, zote kandokando ya ziwa lile lile: yenu ya Pennsylvania, ya New York ambayo makao yake ni Buffalo, na ya Ohio ambayo makao yake ni Sandusky. Majimbo matatu, mifumo mitatu isiyoongea. Nimeshaona mtu akipiga simu Buffalo asubuhi nzima akitafuta kesi ya Pennsylvania. Kabla ya kubofya chochote, hakikisha juu ya ukurasa pameandikwa jimbo gani.

Pennsylvania mna bahati. Mahakama za jimbo lote, kaunti 67, zinaweka mwenendo wa kesi kwenye tovuti moja ya bure: ujsportal.pacourts.us. Ingia, chagua kutafuta kesi, kisha chagua kutafuta kwa jina la mhusika. Andika jina la ukoo na jina la kwanza. Kama tarehe ya kuzaliwa unaijua, iweke. Kaunti iache wazi kwanza, kwa sababu huenda kabla ya kuja Erie alikaa Lancaster au Pittsburgh. Kitakachokuja ni orodha, na pembeni ya kila kesi kuna karatasi ya kufungua. Hiyo ndiyo doketi, yaani muhtasari wa hatua za kesi.

Sasa jina. Hapa nitakaa kidogo, maana mfumo huu haukutengenezwa kwa majina yetu.

Mkongomani ana majina matatu na huenda hakuna hata moja la ukoo kwa maana ya Kimarekani. Ofisa aliyemkamata alinakili kilichokuwa kwenye leseni, na leseni ilinakili karatasi za uhamiaji, ambazo ziliandikwa na karani wa kambini akisikiliza kwa sikio. Kwa hiyo jaribu jina la mwisho kuwa la ukoo, kisha geuza. Jaribu majina mawili yakiwa yameunganishwa, kisha yakitenganishwa. Mohamed mtafute kama Mohammed na Muhammad. Mwenye jina moja tu kwenye hati ya kusafiria hupewa "FNU" mahali pa jina la kwanza, maana yake jina la kwanza halijulikani, na mahakama nayo hunakili hizo herufi tatu kama zilivyo. Wapo watu wazima hapa nchini ambao kwa mujibu wa serikali wanaitwa FNU.

Halafu tarehe. Wakimbizi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wakaandikiwa tarehe 1 Januari. Katika jamii kama yenu, jina moja na tarehe moja havithibitishi kitu. Niliwahi kumkalimania baba mmoja aliyetokea kambi ya Nyarugusu. Alinyimwa nyumba kwa sababu ripoti ya kampuni moja ya ukaguzi ilisema ana hatia ya dawa za kulevya. Jina la kwanza sawa, la mwisho sawa, 1 Januari, mwaka ule ule. Tulifungua doketi yenyewe pale mezani. Mji ulikuwa mwingine, lakini hilo peke yake halikutosha, mtu huhama. Kilichommaliza ubishi mwenye nyumba ni mstari mdogo wa tarehe ya kukamatwa: ilitangulia siku ambayo yule baba alikanyaga Marekani kwa mara ya kwanza. Alikuwa na karatasi yake ya kuingilia nchini kwenye bahasha ya plastiki, imekunjwa mara nne. Kampuni ililazimika kuchunguza upya. Sheria ile ya 1970 inawapa siku 30.

Kwa hiyo kabla hujasema "ni yeye", linganisha mji na msimbo wa posta vilivyo juu ya doketi, tarehe ya kukamatwa, na kama kuna karatasi ya pili inayoitwa "Court Summary", angalia majina mengine yaliyoorodheshwa.

Tuseme umeipata na kweli ni yeye. Usisome mashtaka kwanza. Mwendesha mashtaka wa Marekani hupakia gari mpaka juu, kisha hushusha mizigo njiani. Mtu anashtakiwa makosa manane, anakiri moja, saba yanaondolewa. Shuka hadi sehemu ya maamuzi, usome kila kosa na lilivyoishia. "Guilty Plea" ni kwamba alikiri, na hiyo ni hatia kamili. "Nolle Prossed", "Withdrawn" na "Dismissed" ni kwamba kosa hilo limekufa: mwendesha mashtaka ameliacha au jaji amelitupa. "ARD" ni mpango wa wakosaji wa mara ya kwanza. Akiumaliza, hahesabiwi kuwa alipatikana na hatia katika kesi hiyo. Na "Held for Court" usikushtue: maana yake hakimu wa ngazi ya chini ameipandisha kesi mahakama ya juu yake. Ndiyo sababu utakuta doketi mbili kwa tukio moja, ya kwanza inaanza na MJ, ya pili na CP. Watu huhesabu mbili wakasema "ana kesi mbili". Ni moja, imepanda ngazi. Namba ya kesi ya kwenu huanza CP-25-CR. 25 ni Erie, CR ni jinai, na mwisho kuna mwaka.

Kando ya kila kosa kuna herufi na namba. F ni feloni: F1 kifungo chake hufika miaka 20, F2 miaka 10, F3 miaka 7. M ni kosa la daraja la chini, yaani misdimina. S ni dogo kabisa, la faini au kifungo kisichozidi siku 90. Pennsylvania ina ukaidi wake hapa: M1 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 5 na bado haiitwi feloni. Kwa hiyo wanaonong'ona kwamba "alikaa ndani miaka miwili, lazima ni feloni" huenda wamekosea kabisa. Mambo ya mitaani na herufi ya kwenye doketi ni vitu viwili.

Doketi ni mifupa tu. Nyama iko ndani ya jalada, na hilo unaliomba kwa karani. Kwenye makaratasi ya Pennsylvania utakutana na ofisi mbili: Prothonotary, ambaye ni wa kesi za madai, na Clerk of Courts, ambaye ni wa jinai. Wako ni huyo wa pili, wa kaunti iliyo kwenye namba ya kesi. Unaweza kwenda kwenye jengo la mahakama ukaomba kulikagua jalada pale pale, au ukaandika barua fupi. Barua iwe na jina la mshtakiwa, namba ya kesi, na orodha ya karatasi unazotaka. Usiandike "nataka kila kitu"; unalipa kwa ukurasa, na kila kaunti ina bei yake, kwa hiyo uliza kwanza. Taja vitu vitatu: "criminal complaint" (hati ya mashtaka ya polisi), "affidavit of probable cause", na "sentencing order" (amri ya adhabu). Hiyo ya katikati ndiyo yenye hadithi. Ni maelezo ya kiapo ya polisi: saa ngapi, wapi, nani alisema nini. Ukiisoma utajua kama kosa la wizi lilikuwa simu iliyookotwa dukani au pesa za mwajiri. Ila kumbuka ni upande mmoja, umeandikwa kabla mtu hajajitetea.

Usitume ombi hilo kwa fomu ya sheria ya haki ya kujua, Right-to-Know. Wengi hufanya hivyo kwa sababu jina linavutia. Sheria hiyo kwa upande wa mahakama inafungua karatasi za fedha tu, si majalada ya kesi. Utajibiwa kwa adabu kwamba umekosea mlango.

Kuna vitu hutavipata hata ukipiga magoti: namba za hifadhi ya jamii, utambulisho wa watoto walioumizwa, na ripoti ya siri anayoandaliwa jaji kabla ya kutoa adhabu. Ni sawa hivyo.

Ukitaka jibu rasmi badala ya kujisomea mwenyewe, Polisi wa Jimbo wana mfumo wa PATCH. Unajaza jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, unalipa dola 22, na mara nyingi jibu la "hana rekodi" linakuja hapo hapo. Likisema linachunguzwa, subiri, usianze kuwaza mabaya. Huenda kuna jina linalofanana na mtu analikagua kwa mkono. Tovuti ya mahakama yenyewe inaonya kwamba doketi isichukuliwe badala ya ukaguzi huu wa polisi.

Hayo yote ni ya Pennsylvania peke yake. Kama alikaa Buffalo, New York wanatoza dola 95 kwa kutafuta jina moja jimbo zima, na mfumo wao unataka jina na tarehe vifanane barabara, jambo ambalo kwa majina yetu ni kama kurusha pesa ziwani. Ohio hakuna dirisha moja la jimbo: kila kaunti kati ya 88 ina karani wake na tovuti yake, nyingi ni bure. Muulize tu aliishi wapi, ni swali la kawaida kati ya watu wanaochanga pesa.

Kesi za serikali kuu, kama ulaghai wa benki, kodi au biashara haramu ya silaha, hazionekani kwenye tovuti ya jimbo. Hizo ziko PACER, tovuti ya mahakama za serikali kuu. Unajiandikisha, unalipa senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na kama kwa miezi mitatu hujavuka dola 30 husamehewa zote. Kurasa za matokeo ya kutafuta nazo zinahesabiwa, kwa hiyo usicheze nayo kama Google. Njia ya mkato: tovuti ya magereza ya serikali kuu ni bure na ina kila aliyepita humo tangu 1982. Haikupi kesi, ila inakwambia kama kuna cha kutafuta.

Na ukikosa kitu kabisa? Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza nchini kupitisha sheria ya kufunga rekodi zenyewe kwa kompyuta, Clean Slate, mwaka 2018. Mashtaka yasiyoishia kwenye hatia na makosa kadhaa madogo ya zamani hufichwa baada ya muda mtu akiwa ametulia, na mwaka 2023 wakaongeza baadhi ya feloni ndogo za dawa za kulevya. Polisi na mahakama bado wanaziona, wewe huzioni. Kwa hiyo ukurasa mtupu unaweza kuwa na maana tatu: hajawahi kushtakiwa, alishtakiwa kwingine, au jimbo limeamua kwamba yaliyopita hayakuhusu. Hiyo ya tatu iheshimu. Usianze kuwauliza watu wa kanisani ili wakujazie.

Ukikuta kitu, matumizi yake yana mpaka. Akiwa ni mshirika wako wa biashara tu, unaweza kukataa kuchanga naye kwa sababu yoyote, hata kwa ndoto. Lakini siku mtakapokuwa na van tatu na mnaajiri madereva, sheria ya jimbo inakuruhusu kuangalia hatia za feloni na misdimina kwa kadiri tu zinavyohusiana na kazi yenyewe, na ukimkataa mtu kwa sababu hiyo lazima umwandikie. Hatia ya kuendesha amelewa inahusu dereva. Hundi mbovu ya miaka 15 iliyopita ni vigumu kuitetea.

Hao watoto wa shule mnaowapanga ndio watakaomaliza mjadala. Pennsylvania, anayefanya kazi na watoto anatakiwa kuwa na vyeti vitatu: cha Polisi wa Jimbo, cha ChildLine kuhusu unyanyasaji wa watoto, na cha FBI chenye alama za vidole. Na wewe utavihitaji. Basi mwambie, "Kaka, mimi naomba vyeti vyangu wiki hii, na wewe omba vyako, tuweke kwenye faili moja." Cha FBI ambacho hakuna mtu angekupa, ataleta mwenyewe. Akianza kuzunguka, nalo ni jibu.

Neno la pembeni kwa wanaosoma hapa wakiwa na kesi zao wenyewe. Anayeomba uraia akiwa amewahi kukamatwa, uhamiaji watataka karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje, yenye muhuri wa karani, hata kama rekodi imefutwa. Chukua nakala hizo zilizothibitishwa kabla wakili hajaomba ifutwe. Baada ya hapo karani anaweza kukutazama machoni akakwambia hakuna kesi kama hiyo, na kisheria atakuwa anasema kweli.

Ulichouliza mwisho: atajua? Tovuti ya mahakama haimtumii ujumbe mtu aliyetafutwa. Dirishani kwa karani watakuuliza namba ya kesi na malipo. Kampuni ya ukaguzi wa waajiri ndiyo inayohitaji mtu asaini kwanza. Ila Erie ni mji mdogo, dada, na wakalimani wa Kiswahili pale mahakamani tunahesabika kwa vidole. Sisi tumeapa kutosema. Yule mama mtakayekaa naye kwenye benchi mkisubiri lifti hajaapa.